Injini Isubiri Zamu Yake

Mchezo umekwisha na umeshindwa. Joto la pambano halijatulia, lakini kidole kimeshabonyeza kitufe cha uchambuzi, na baada ya sekunde chache kioo cha simu kinakuonyesha mchoro unaopanda na kushuka, alama nyekundu kwenye hatua ya 23, na mshale unaoelekeza mahali ambapo ngome yako ilipaswa kwenda. Unasema moyoni, "Kumbe!", kisha unaanzisha mchezo mwingine. Ni hiyo "kumbe" ninayotaka kuijadili hapa. Kwa wachezaji wengi wa sataranji, au chesi kama tulivyozoea kuiita, imekuwa ndiyo somo zima wanalolipata kutoka kwa programu za mazoezi, na kwa maoni yangu mtu aliyeishia hapo hajajifunza kitu.

Sina ugomvi na programu zenyewe. Swali la nani mwenye nguvu kati ya mtu na mashine lilifungwa zamani. Mwaka 1996, jijini Philadelphia, Garry Kasparov aliishinda kompyuta ya Deep Blue kwa pointi 4 dhidi ya 2. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, jijini New York, mtambo huohuo wa IBM ukiwa umeboreshwa, wenye uwezo wa kupima takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja, ulimshinda bingwa huyo wa dunia kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Leo kazi hiyo inafanywa na simu. Stockfish, injini (yaani programu inayokokotoa hatua za sataranji) huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, inapatikana bure, na hakuna binadamu anayeketi mbele yake akitarajia kushinda, hata Magnus Carlsen, ambaye mwaka 2014 alifikisha alama 2882 katika upimaji wa nguvu za wachezaji, kiwango ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipita. Kwa maneno mengine, anayeanza kujifunza leo ana mwalimu ambaye Kasparov wa ujana wake hakuwa naye.

Hata hivyo, kila anayecheza mara kwa mara anawafahamu watu ambao wamekuwa na mwalimu huyo mfukoni kwa miaka, wanamfungua kila siku, na bado wanapoteza farasi kwa njia ileile waliyompoteza mwaka juzi. Maelezo ya kawaida ni kwamba hawana kipaji au hawana muda. Mimi naona sababu iko karibu zaidi: mashine inajibu kabla mchezaji hajauliza. Jibu lisilotanguliwa na swali halina pa kushika kichwani.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayeandika kuhusu kompyuta na sataranji hukigusa kwa haraka, nami naona kinastahili kukaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alikuwa ametengeneza hazina iliyokokotoa kila hali inayoweza kutokea pale upande mmoja unapobaki na mfalme na malkia, na mwingine mfalme na ngome. Magwiji wote waliamini kwamba malkia hushinda hapo, na kwamba ushindi wenyewe hauna shida. Walter Browne, grandimasta wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi hiyo, alikubali kucheza na malkia dhidi ya mashine iliyojitetea kwa kutumia hazina hiyo. Alianza kwenye hali ambayo, kwa hesabu kamili, ngome inaweza kutekwa ndani ya hatua 31. Kanuni humpa mchezaji hatua 50 bila kete kutekwa wala kitunda, ile kete ndogo kuliko zote, kusogezwa, baada ya hapo mpinzani anaweza kudai sare. Browne alikuwa na akiba ya kutosha kabisa. Akashindwa kuimaliza kazi.

Kilichomchanganya ni kwamba mashine haikujitetea kama vitabu vilivyofundisha. Vitabu vilisema ngome ikae karibu na mfalme wake ili imlinde. Mashine iliipeleka mbali, mahali ambapo jicho la binadamu lilikuwa limeshaamua kwamba hapafai, na ilipokuwa huko malkia hakuipata. Browne akaomba muda. Kwa takriban wiki mbili alijifungia na hali zile, akazichambua, kisha akarudi kucheza tena. Safari hii aliiteka ngome kwenye hatua ya 50, hatua ya mwisho kabisa aliyoruhusiwa.

Tuangalie vizuri mashine ilimfanyia nini. Haikumweleza chochote wala haikumchorea mshale. Ilimpinga tu, bila kosa, na ikamwonyesha kwamba alichodhani anakijua hakijui. Kujifunza kulitokea katika zile wiki mbili, kati ya pambano la kwanza na la pili, na kulifanywa na Browne mwenyewe. Sasa hebu tufikirie mchezaji yuleyule akiwa na programu ya siku hizi: angebonyeza kitufe, angeona njia nzima ya hatua 31 imepangwa kwenye kioo, angesema "kumbe", na jioni hiyohiyo angeshindwa tena.

Tatizo lingine limo ndani ya namba yenyewe. Injini hupima hali ya ubao kwa kipimo cha kitunda: ikisema +1.3, inamaanisha weupe wako mbele kwa thamani ya kitunda kimoja na zaidi kidogo. Zamani namba hiyo ilitokana na kanuni zilizoandikwa na watu, mstari kwa mstari: usalama wa mfalme una uzito huu, askofu wawili pamoja wana uzito ule, kitunda kilichopweke kinakatwa hivi. Aliyetaka angeweza kuifungua programu na kusoma kwa nini. Tangu toleo la 12 la Stockfish, lililotoka Septemba 2020, sehemu kubwa ya upimaji ilihamia kwenye mtandao mdogo wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, mbinu iliyobuniwa mwaka 2018 na Yu Nasu kwa ajili ya shogi, mchezo wa Kijapani ulio jamaa ya sataranji. Injini ilipata nguvu nyingi kwa mabadiliko hayo, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini kwa mwanafunzi, namba imezidi kuwa sahihi huku ikizidi kuwa bubu. Haina tena sababu unayoweza kuisoma. Ina uzito wa mamilioni ya namba nyingine.

Chukua mfano mdogo ambao kila anayejifunza hukutana nao, ukikumbuka kwamba kila mraba hutajwa kwa herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8. Mfalme mweupe yuko e5, kitunda chake kiko e4, mfalme mweusi yuko e7, na ubao umebaki mtupu. Ikiwa ni zamu ya weusi, weupe wanashinda. Ikiwa ni zamu ya weupe, ni sare. Kete ni zilezile na miraba ni ileile; kilichobadilika ni nani anayelazimika kusogea. Injini, ikiwa na hazina za mwisho wa mchezo ambazo leo zinafikia kete saba, itakuandikia 0.00 katika hali moja na namba kubwa ya ushindi katika nyingine, na itakuwa sahihi mara zote mbili. Lakini haitakwambia kwamba wafalme hao wanatazamana kama watu wawili waliokutana mlangoni, na kwamba atakayelazimika kusogea ndiye atakayempisha mwenzake.

Sasa kirudishe kitunda nyuma mraba mmoja, hadi e3. Weupe wanashinda hata kama zamu ni yao, kwa sababu wanaweza kukisogeza kitunda hadi e4 na kumrudishia mpinzani mzigo wa kusogea. Aliyeyapata maelezo haya mawili kwa kujikuna kichwa, ubao ukiwa mbele yake na injini ikiwa imezimwa, ataziona hali nyingine nyingi za jamii hiyo bila kusaidiwa. Aliyeyapata kwa kusoma 0.00 anajua kwamba hali moja ni sare.

Nikija kwenye mafumbo, zile hali za ubao unazopewa ili utafute hatua ya ushindi, hapo programu zinastahili sifa. Mwanasaikolojia wa Uholanzi Adriaan de Groot, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1946, aliwakuta magwiji hawachimbi hatua nyingi mbele kuliko wachezaji wazuri wa kawaida kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba hatua nzuri ziliwajia mapema. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani walionyesha jambo linaloendana na hilo: gwiji akionyeshwa kwa sekunde chache hali iliyotoka kwenye mchezo halisi, huipanga upya kwa kumbukumbu vizuri sana, lakini kete zikitawanywa ovyo ubaoni, uhodari huo karibu wote hupotea. Anachokibeba kichwani ni maumbo yenye maana. Na hakuna njia nyepesi zaidi ya kukusanya maumbo kuliko programu inayokuletea mafumbo mia kwa wiki: farasi anayewatishia mfalme na malkia kwa mpigo, ngome inayombana askofu mbele ya mfalme wake, mfalme aliyekosa hewa nyuma ya vitunda vyake mwenyewe.

Lakini fumbo linakuja na siri iliyokwisha kutolewa. Kule kuwepo kwake tu kunakunong'oneza kwamba kuna kitu hapa, kitafute. Katika mchezo wa kweli hakuna anayekunong'oneza. Hali nyingi za ubao hazina pigo lolote, na sehemu kubwa ya ustadi ni kutambua kwamba halipo na kuridhika na hatua ya kawaida ya kuboresha kete iliyolala. Ndiyo maana utamwona mtu mwenye alama za juu za mafumbo akitoa askofu mhanga kwenye mchezo kwa sababu tu hali ilifanana na fumbo la juzi. Alizoezwa kwenye dunia ambayo mhanga haukosi kulipa. Na yale mashindano ya kutatua mafumbo mengi iwezekanavyo ndani ya dakika tatu, nakiri ninayapenda, yananoa jicho kwa maumbo mepesi, lakini yanafundisha pia tabia mbaya ya kucheza hatua ya kwanza inayovutia na kungoja kioo kiseme kama ni sahihi. Njia ninayoiona bora inachosha: usiguse kete hata moja mpaka uwe umeona mstari wote hadi mwisho, pamoja na jibu kali zaidi la mpinzani, na ukikosea usianze fumbo jingine kabla hujajua ni hatua gani ya mpinzani ambayo hukuiona.

Kuhusu ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, nitakuwa mkali zaidi. Programu za kukariri hutumia kanuni iliyotoka mbali: Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 uchunguzi wake wa namna kumbukumbu inavyofifia, na Sebastian Leitner aliueneza mwaka 1972 mfumo wa kadi na visanduku ambamo kinachosahaulika hurudiwa mara kwa mara na kinachokumbukwa hurudiwa kwa nadra. Kanuni hiyo inafanya kazi, na ukiifuata kwenye ufunguzi utakariri hatua kumi na tano bila taabu. Shida ni kwamba mpinzani wako hajasoma programu hiyo.

Tuseme unacheza na weusi. Weupe wamesogeza kitunda hadi e4, wakatoa farasi f3 na askofu c4. Wewe umejibu kwa kitunda e5 na farasi wawili, c6 na f6. Farasi mweupe anarukia g5 kutishia f7, unasogeza kitunda d5 kumzibia askofu, na kitunda cheupe kinakiteka. Programu imekufundisha kwamba hapa farasi wa c6 anakwenda a5. Imekufundisha pia, kama una bahati, kwamba ukikiteka kitunda cha d5 kwa farasi, weupe wanaweza kutoa mhanga farasi wao kwenye f7, malkia wao anatokea f3 kwa cheki, yaani akimtishia mfalme, na mfalme wako analazimika kutembea hadi e6, katikati ya ubao, kumlinda farasi wa d5. Vizuri. Unacheza farasi a5 kwa haraka na kwa fahari. Weupe, badala ya cheki ya askofu uliyoikariri, wanasogeza tu kitunda hadi d3.

Kimya. Hapa ndipo unapoonekana umejifunza nini. Aliyekariri anajua tu kwamba ana upungufu wa kitunda na kwamba farasi wake amesimama pembeni mwa ubao. Aliyeelewa anajua kwamba kitunda hicho kilitolewa kwa makusudi ili kununua muda, kwamba kila kete nyeupe iliyotoka mapema sasa ni shabaha, na hivyo anasogeza kitunda h6 kumfukuza farasi wa g5, na farasi akirudi f3 anamfuata kwa kitunda e4. Hatua hizo mbili zimo vitabuni, lakini hakuhitaji kitabu kuzipata. Programu ya kukariri ilikuwa na maelezo haya pia, katika aya fupi chini ya ubao, lakini haikumtahini kwa aya hiyo. Ilimtahini kwa hatua, naye akafaulu.

Kucheza dhidi ya mashine kuna kasoro yake. Injini iliyopunguzwa nguvu mara nyingi hupunguzwa kwa kuingiziwa makosa, kwa hiyo inacheza hatua kumi kama bingwa halafu inakutupia malkia bila sababu, kitu ambacho hakuna mtu wa kiwango hicho angefanya. Kwa hili kuna maendeleo ninayoyafurahia: mradi wa Maia, uliotangazwa mwaka 2020 na watafiti wa vyuo vikuu vya Toronto na Cornell pamoja na Microsoft, uliifunza mashine kwa michezo ya watu wa viwango mbalimbali, kuanzia alama 1100 hadi 1900, ili itabiri hatua ambayo mtu angecheza, badala ya hatua bora. Mpinzani wa namna hiyo anakosea mahali ambapo watu hukosea, na kumwadhibu ni zoezi halali.

Upande wa pili kuna mashine za kuigwa. AlphaZero ya DeepMind, kampuni ya akili bandia, ambayo habari zake zilitangazwa Desemba 2017, ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake, na katika michezo 100 dhidi ya Stockfish 8 ikashinda 28 na kutoka sare 72. Magwiji waliisoma kwa makini, na mojawapo ya mambo waliyoyachukua ni ujasiri wa kusogeza kitunda cha pembeni, kile cha h, hadi karibu na mfalme wa mpinzani. Walichukua pamoja na sababu: nafasi inayopatikana, kete za mpinzani zinazofungiwa. Sisi wengine tulichukua kitunda peke yake, na wafalme wetu wakabaki uwanjani bila paa.

Mikhail Botvinnik, mhandisi aliyekuwa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na ambaye Kasparov na Anatoly Karpov, mabingwa wa dunia wa baadaye, walipita mikononi mwake wakiwa vijana, aliwataka wanafunzi wake waichambue michezo yao wenyewe na kuyaandika maelezo, ili wengine waweze kuyakosoa. Jambo la kuvutia ni kwamba Botvinnik huyohuyo alitumia miaka mingi akijaribu kuunda programu ya sataranji. Hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alichosisitiza ni kwamba hukumu ya mchezaji itangulie, iwe kwenye karatasi, ili ikionekana ni mbovu iwe na mwenyewe.

Nimejilazimisha kufuata utaratibu huo. Baada ya mchezo mrefu siifungui injini siku hiyo. Naandika kwenye daftari nilichokuwa nawaza kwenye kila hatua ngumu, nilichokiogopa, hatua niliyoikataa na kwa nini, na mahali ninapoamini mchezo uligeuka. Siku ya pili ndipo naiwasha. Mara nyingi mahali nilipoamini mchezo uligeuka si penyewe. Injini inaonyesha ulikuwa umegeuka hatua sita kabla, pale nilipobadilishana kete kwa kujiamini na sikuandika neno lolote. Tofauti hiyo kati ya daftari na mashine ndiyo ninayoisoma. Namba yenyewe naiangalia mara moja tu.

Baada ya michezo ishirini na kitu nililifungua daftari na kulisoma mfululizo. Programu ilikuwa imeyapa makosa yangu jina moja, "kosa kubwa", na kila moja ilikuwa imelipatia dawa yake: hapa ngome, hapa kitunda, hapa malkia arudi nyuma. Kwa macho yake yalikuwa makosa saba tofauti katika michezo saba. Kwenye daftari, matano kati yake yalikuwa na sentensi karibu ileile, kwa mwandiko wangu mwenyewe: nimeteka, ameteka, sasa nacheza niliyoipanga. Sikuwa nimeutazama ubao upya baada ya kete kutoka. Nilizikusanya hali hizo tano nikaziingiza kwenye programu kama mafumbo, nikiweka zamu ya mpinzani badala ya yangu, na kwa mwezi mzima nilizianza siku zangu kwa kutafuta ambacho angenifanyia.